Mwendo wa Saa Mbili na Nusu

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa ndege wa Tamanrasset, jangwani kusini.

"Wewe hupandi," msimamizi aliniambia, hata macho hakuinua.

"Tikiti hii hapa, bwana. Mke wangu anapasuliwa moyo kesho, Aljeri."

"Viti vimechukuliwa na msafara wa wakubwa. Njoo Ijumaa."

Miaka kumi na minane nimepakia mizigo uwanja ule. Mpaka Aljeri, mji mkuu, ni kilomita elfu moja na mia tano, mwendo wa saa mbili na nusu kwa ndege. Nikaitazama ndege ikiondoka na wakubwa na matumbo yao.

Simu ikalia. Mke wangu, Dassin.

"Umeshapanda?"

"Wamenizuia. Nakuja na basi."

"Basi! Siku mbili! Utafika umekauka kama nyama ya ngamia." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Daktari anataka nitie saini ya kupasuliwa leo."

"Usitie. Nisubiri, nikushike mkono kwanza."

"Haya, mpenzi. Maana mama akinishika ni kama anakamua mbuzi."

Karibu na Ain Salah tairi likapasuka. Tukakaa juani nusu siku. Ujumbe ukaingia:

"Daktari kanuna. Anasema kila saa ina maana. Uko wapi?"

Nikajibu: "Njiani. Usiingie chumba cha upasuaji bila mimi."

Alhamisi asubuhi tulipofika Ghardaia, moyo ulikuwa umenigeuka. Ujinga gani huu, mkono tu? Aingie! Nikapiga.

"Naam?"

Si Dassin. Mama yake.

Sisi Watuareg mwanamume hasemi na mama mkwe. Anavuta kilemba mpaka puani, anapita kando. Miaka kumi na mmoja, neno lake lilinifikia kupitia kwa Dassin, na langu hivyo hivyo. Basi nami, mle ndani ya basi, nikavuta kilemba kana kwamba ananiona. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa: aingie bila mimi. Aibu ikanishinda. Nikakata.

Nikapiga tena.

"Naam?"

Nikakata tena.

Nilifika Aljeri alasiri. Hospitalini, kitanda cha Dassin kilikuwa kitupu, muuguzi anakunja shuka.

Wakubwa ndio waliomuua mke wangu. Nimeyasema hayo ofisi zote, nikatolewa na walinzi, na nitayasema mpaka nife. Walikuwa na haraka gani kunizidi mimi?

Lakini siku ile, kwenye ujia wa hospitali, mama mkwe alinijia. Nikageuka ukutani, nikafunika uso. Hakupita kando. Akasimama nyuma yangu, akaniita jina kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe.

"Akhamouk."

Nikageuka, kilemba bado puani.

"Asubuhi alikuwa hajitambui tena. Daktari akaniuliza mimi: tumwingize, au tumsubiri mumewe kama alivyotaka? Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Simu ikalia, nikasikia pumzi zako. Mara mbili. Nikaiweka kalamu chini, nikangoja neno lako."

Alikuwa halii. Alinitazama machoni, mimi mkwewe.

"Sema sasa, mwanangu. Ulitaka kuniambia nini?"