Jina Lisiloitwa Majini

Samaki ndio waliowachelewesha. Boti ilikuwa imekwisha kugeuza kurudi Musoma, jua nalo limeanza kuinama, Isidori alipomwambia nahodha apitie kwanza kambi ya wavuvi wakachukue sato wa kupeleka nyumbani Nyasho. Nani arudi kutoka ziwani mikono mitupu? Nahodha Masatu akaguna, akatazama magharibi, akakata kona.

Euphrasia, mke wa Isidori, hakujali sato. Alikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa imemshinda tangu asubuhi. Kumchangamsha Naomi.

Boti yenyewe waliikodi kwa ajili ya binti huyo. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni na hedfoni masikioni na neno moja tu la kujibia kila kitu. Akachomewa samaki palepale botini: "Kawaida." Akaonyeshwa kiboko akipiga miayo kwenye matete: "Kawaida." Baba yake akacheza muziki wa zamani na kiuno chake kibovu, jambo ambalo lingemchekesha hata hakimu. Binti akavuta kofia ya sweta mpaka puani. Mtandao ulipokata, ndiyo kabisa, akajikunyata kama mgonjwa anayesubiri zamu yake kwa daktari. Kulea watoto wa siku hizi kunataka moyo, jamani. Na Euphrasia aliumia kweli. Alimkumbuka mtoto aliyekuwa akimng'ang'ania sketi kutwa nzima, akajiuliza alikwenda wapi.

Sato wakapatikana, safari ikaendelea. Giza lilikuwa bado, ila maji yalikwisha kupoteza rangi. Walipofika kwenye majabali makubwa yaliyopandana katikati ya ziwa, Masatu alipunguza mwendo kukwepa mawe ya chini.

"Haya majabali yanajibuga," akasema, kutuliza tu ukimya. "Ukiita, yanakurudishia."

Euphrasia akaidaka nafasi. Akamwomba azime injini kidogo, akasimama, akaweka viganja mdomoni.

"Isidoriii!"

"...doriii," majabali yakajibu.

Naomi akatoa hedfoni sikio moja.

"Naomiii!"

"...omiii."

Binti akacheka. Kicheko chenyewe, meno yote nje. Akasimama naye, akaita jina la baba yake, la bibi yake, la mwalimu wa hesabu akilisindikiza na tusi dogo. Majabali yakarudisha yote, na tusi pia. Euphrasia alilengwalengwa na machozi kwa furaha.

"Mama, niite lile lingine," Naomi akasema. "La Butiama."

Euphrasia akasita.

Jina la pili la binti lilikuwa Nyamburi. Lilikuwa la dada yake Isidori, aliyezama katika ziwa hilihili kabla Naomi hajazaliwa. Mwili haukuonekana. Ukoo ukakata shina la mgomba, ukalivika gauni lake, ukalizika Butiama mahali pake. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la shangazi, na mama mkwe akamkabidhi Euphrasia sharti moja. Nchi kavu mwiteni Nyamburi mpendavyo. Majini ni Naomi tu. Aliyezikiwa mgomba hajajua bado kama amekufa, na akilisikia jina lake juu ya maji atadhani anaitwa nyumbani.

Euphrasia alilijua sharti hilo kama Baba Yetu. Lakini binti yake alikuwa anacheka. Isidori alikuwa nyuma ya boti, ameinamia ndoo ya samaki. Mara moja tu. Nani angesikia?

"Nyamburiii!"

Majabali hayakujibu.

Wakangoja. Ndege waliokuwa wakigombana juu ya mawe wakanyamaza wote kwa pamoja. Mawimbi yaliyokuwa yakipiga ubavu wa boti yakaacha kupiga...

"Abee."

Sauti haikutoka kwenye majabali. Ilitoka chini, ubavuni mwa boti, karibu kabisa. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ya mtu aliyeitwa akiwa na kazi mkononi.

Euphrasia akamtazama binti yake. Mdomo wa Naomi ulikuwa umefungwa.

Kisha ikaja harufu. Utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi, mzito, mbichi, katikati ya ziwa ambako hakuna hata jani.

"Mmeita nani?" Masatu akanong'ona. Hakungoja jibu. Akavuta kamba ya injini. Ikakohoa, ikazimika. Akavuta tena, ikazimika tena.

Nyuma yao ndoo ikaanguka. Sato wakateleza sakafuni mpaka miguuni mwa Isidori, naye hakuwatazama. Alikuwa amesimama wima, uso umesawijika.

"Huyo ni dada," akasema polepole.

Ngo... ngo... ngo...

Kitu kilikuwa kinagonga chini ya mbao. Kiligonga kwa adabu, kikatulia, kikagonga tena, kama mgeni anayejua kwamba wenyeji wamo ndani. Euphrasia alihisi kila pigo kwenye nyayo zake.

Alipogeuka, Naomi alikuwa amepiga magoti ukingoni, mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko.

"Toa mkono, mwanangu."

"Siwezi, mama," binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Ameshika."

Euphrasia akamrukia, akamkumbatia kiunoni, akavuta. Hakuna kilichovutika. Bega la binti likashuka majini, kisha shavu. Boti ikainama upande. Masatu akaitupa kamba ya injini, akakimbilia upande wa pili kuizuia isipinduke kwa uzito wake, huku akisali kwa sauti.

Isidori ndiye aliyepiga magoti kando yao. Akaweka mdomo karibu na maji kama anayenong'oneza mgonjwa, akaongea Kizanaki. Euphrasia, ambaye hakuzaliwa na lugha hiyo, alishika maneno machache tu. Dada. Tulikutafuta. Jina ni lako, tunakurudishia. Mtoto tuachie.

Halafu chini ya boti mtu akashusha pumzi ndefu... kama aliyetua mzigo kichwani.

Mkono wa Naomi ukatoka. Injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Taa za Musoma zilipoonekana, Masatu akasema labda aliyeitika alikuwa mama muuza dagaa, wanapitaga pale jioni na vimtumbwi vyao. Isidori akaitikia kwamba labda. Hakuna kati yao aliyekuwa ameona mtumbwi.

Usiku huo walimpigia bibi simu Butiama, wakamweleza yote.

"Mmemrudishia jina," bibi akasema. "Sawa. Na yeye amewarudishia nini?"

Simu ikakatika, na alipopigiwa tena hakupokea.

Tangu siku hiyo Naomi akawa binti ambaye kila mzazi anamwomba kwa Mungu. Anaamka kabla ya jogoo, anafagia uwanja, simu haigusi. Majirani wa Nyasho wakamsifu Euphrasia kwa malezi. Yeye akawa anatabasamu, halafu anaingia chumbani kulia peke yake, kwa sababu alikuwa amemzaa mtoto mvivu anayenuna, na huyo ndiye aliyemtaka.

Jioni moja alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kama wanawake wa zamani, anapara sato. Kisu kilikuwa kinakwenda haraka mkononi mwa binti ambaye hakuwahi kugusa samaki mbichi.

"Naomi," akamwita.

Kwaru, kwaru, kwaru. Magamba yaliendelea kuruka.

"Naomi, mwanangu."

Hakugeuka. Masikioni hakuwa na kitu. Euphrasia akashika mlango kwa mikono miwili, akaita mara ya tatu, na safari hii alikuwa anabembeleza.

Kisu kikasimama.

"Unamwita nani huyo," binti akauliza kwa upole, mgongo bado umemwelekea, "wifi?"