Bastola Kubwa ya Papa Hemedi

Papa Hemedi alikutwa chali sakafuni, kanzu yake safi, upande wa kichwa umepasuka. Ukutani juu yake bastola zilining'inia kwenye misumari kama sufuria za mama anayejua kupika. Msumari wa katikati ulikuwa mtupu.

Inspekta Likuta wa upelelezi, Kisangani, aliutazama msumari kwanza, maiti baadaye. Mama yake asingependa. Ndiye aliyembatiza Wenceslas, jina ambalo tangu serikali ifute majina ya ubatizo lilibaki nyumbani tu, hasa mke wake alipokasirika.

Daktari wa polisi alipiga magoti, akalichunguza jeraha.

"Pigo moja," alisema. "Chuma kizito, chenye pembe. Amekufa asubuhi hii."

"Si risasi?"

"Hapana."

Isingeweza kuwa risasi hata kidogo. Kibali cha gavana kilimruhusu marehemu kukusanya bastola kwa sharti moja: kila nyundo ikatwe ncha, isiweze kugonga risasi. Basi mzee alikuwa na ukuta mzima wa bastola zisizoua panya. Zote zilikuwa kubwa za silinda, za miaka ya hamsini, nyingine za Wamarekani, nyingine za Waingereza, zilizoachwa na wenye mashamba na mamluki walipoondoka mjini mbiombio. Alizijua kwa nambari za kiwanda kama wengine wanavyojua wajukuu. Iliyopotea ndiyo iliyokuwa mfalme wao: ya Marekani, ya mwaka hamsini na tano, chuma cheusi cha kuelekea buluu, kitako cha mbao, uzito wa zaidi ya kilo. Ukipigwa nayo, huulizi kama nyundo ina ncha.

Kabla ya Likuta kuandika mstari wa pili, gari jeusi lilisimama mlangoni. Akashuka afisa wa usalama, abakosi, ile suti ya chama isiyo na tai, imepigwa pasi, miwani ya jua ndani ya chumba chenye kiza.

"Citoyen Inspekta, wageni bakubwa ba chama banatoka Kinshasa Jumamosi, siku ya posho. Mi sitaki bastola itembee mu muji."

"Haipige risasi, chef. Ilikatwa nyundo."

"Uliza huyu mzee kama haipige."

Afisa akasema kwamba binti wa marehemu, Hadidja, ndiye aliyekuwa nyumbani na baba yake. Ijumaa adhuhuri, bastola isipoonekana, angempeleka kambini akaulizwe vizuri. Kila mtu mjini alijua maana ya kuulizwa vizuri. Wengine waliulizwa vizuri mpaka leo hawajarudi.

Hadidja alikuwa amekaa barazani, kitenge kichwani, macho makavu ya mtu ambaye bado hajaamini. Likuta hakukaa. Alizunguka mbele yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa soko. Nilitafuta samaki."

"Nani alikuwa na papa?"

"Hakuna. Alikuwa anangoja papa Timothée. Kila juma banapanguzaka bastola pamoja, banakunywa chai, banagombana."

"Banagombana juu ya nini?"

"Juu ya mafuta gani iko mazuri kwa chuma. Miaka makumi mbili, mafuta tu."

Papa Timothée mwenyewe alikuwa palepale uani, mstaafu wa reli kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, naye mkusanyaji wa bastola hizohizo. Alisema alifika akakuta watu wanalia, akaingia naye kulia. Hakuna aliyemwona akifika. Ila katika msiba nani anaangalia mlango?

Likuta aliamini jambo moja: bastola haikuwa imetoka bado. Akaweka askari langoni na amri fupi. Kila atakayetoka apekuliwe. Na walipekuliwa kweli: wajomba, majirani, wapishi, sufuria za wali, hata kilemba cha imamu, ambaye alicheka kwa adabu na kwa hasira. Papa Timothée alinyoosha mikono mwenyewe, akamwambia askari apapase vizuri, labda atampata mke aliyempoteza zamani. Halafu akaenda zake kivukoni akichechemea. Goti, alisema, halimruhusu kufika makaburini.

Alasiri marehemu akabebwa chini ya kitambaa cha kijani, akazikwa, kama Waislamu wanavyotaka, jua lisilale juu yake.

Siku iliyofuata Likuta alipekua nyumba. Alipanda darini akashuka na utando wa buibui kwenye nywele. Akaamuru choo kichokolewe kwa mti mrefu. Askari aliyechokoa hakumsalimia tena. Akafungua magunia ya mchele, akachimba chini ya mipapai, akavuta sigara, akaizima, akawasha nyingine. Hakuna bastola.

Ijumaa asubuhi alikuwa bado anazunguka ua. Gari jeusi lilikuwa limekwishafika. Dereva alikuwa anakula karanga na kutupa maganda uani kwa watu wenye msiba.

Likuta akamrudia askari wa lango.

"Fikiria vizuri. Nani alitoka bila kupekuliwa?"

"Hakuna, chef." Askari akajikuna shingo. "Labda marehemu."

Likuta akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu juzi, miguu yake ilitulia.

Akaenda kwa Hadidja. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwa sababu alichotaka kusema hakisemwi kwa sauti kubwa.

"Binti yangu, unisamehe. Lazima tufukue kaburi. Nafikiri bastola ilitoka pamoja na papa."

"Wapi? Ndani ya sanda?" Hadidja akainua macho. "Ndugu zangu ndio bamemuosha, ndio bamemufunga. Bastola ya kilo moja, bashindwe kuiona?"

"Si ndani ya sanda. Ndani ya sanduku."

"Sanduku gani?"

"Ile bamembeba nayo. Yenye kitambaa cha kijani."

Hadidja alimwangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wa jirani aliyekula sabuni.

"Papa Inspekta, sisi hatuzikake mutu na sanduku. Ile ni jeneza ya musikiti. Inabeba mutu mpaka kwa shimo, inarudi. Kesho inabeba mwingine."

Likuta akakaa chini, palepale kwenye ngazi. Amekulia Kisangani, amekula wali wa Idi kwa majirani tangu ana meno ya maziwa, na hakuwahi kufuata maiti ya Mwislamu hadi mwisho. Maisha yake yote alifikiri wanazika na mbao zao.

Kisha akainuka na kukimbia.

Msikitini, mzee Lukumani, mtunza vyombo, alimfungulia stoo huku akinung'unika kwamba polisi siku hizi hawavui viatu. Jeneza lilikuwa limeegemezwa ukutani kwenye pembe ya giza. Wakalilaza. Likuta akainua mkeka. Katikati ya mbao na mkeka, imefungwa kwa kitambaa na kamba, ilikuwepo bastola. Kwenye pembe ya kitako damu ilikuwa imekauka.

Sasa mambo yalijipanga yenyewe. Siku ile jeneza liliwekwa barazani, watu wakiwa ndani na maji ya kuoshea. Yeyote angeweza kulikaribia. Lakini nani angeficha kitu pale? Mtu aliyeamini kwamba jeneza likitoka halirudi. Mtu mjinga kama Likuta mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa ya Waislamu. Mkristo alikuwa mmoja, na goti lake halikumfikisha makaburini kujionea.

Likuta akavuka mto kwa pirogi, amesimama njia nzima, mpiga kasia akimwomba akae kabla hajawazamisha wote wawili.

Papa Timothée alikuwa mezani na kopo la mafuta na kitambaa, bastola zake tatu zimepangwa mbele yake.

"Karibu, Inspekta. Muliona kitu?"

"Bado, papa. Leo tunafukua kaburi."

Kitambaa kikasimama.

"Si vizuri. Mutu amekwisha kulala."

"Lazima."

"Alors, batu ba kuchimba baangalie. Basipige sanduku na jembe. Bataharibu."

"Bataharibu nini?"

"Sanduku, quoi."

"Papa Timothée," Likuta akasema polepole, "Hemedi hana sanduku. Iko ndani ya udongo na sanda yake tu. Jeneza ilirudi musikiti siku ileile."

Akafungua mfuko na kuiweka bastola mezani. Mzee hakumtazama Likuta. Aliivuta bastola karibu, akapitisha kidole kwenye mtutu, kikatoka na wekundu.

"Imeanza kutu," alisema.

"Juu ya nini ulimuua?"

Timothée akageuza kitako. Kwenye mbao kulikuwa na alama ndogo za kisu.

"Ni ya papa yangu. Muzungu wake wa shamba la Banalia alimuachia wakati anakimbia. Kila mutoto wake, papa alimukatia alama. Hii ya mwisho ni miye. Nilikuja kumuuzia Hemedi mwaka wa njaa, juu najua atachunga. Na alichunga, siwezi kudanganya."

"Bon. Sasa?"

"Sasa alisikia bakubwa banakuja. Aliogopa batamunyang'anya zote. Donc anataka kutoa hii zawadi kwa mukubwa wa ujumbe, apewe ulinzi. Lakini anasema nyeusi haipendeze mukubwa. Anataka kuipaka kromu, ing'ae kama kioo. Kutupa mbao hii, kuweka plastiki nyeupe kama meno." Akapapasa alama ya mwisho kwa kidole. "Nilimuambia achukue zangu zote, aache hii. Alicheka. Anasema, Timothée, ni chuma tu. Iko mikononi mwangu wakati anasema vile."

"Na kuizika?"

"Nilisikia mutoto anarudi kwa soko. Niliificha ndani ya koti, nilitoka kwa nyuma, nilirudi na batu ba kulia. Kisha polisi banapekua. Nilisema, iende na yeye. Ioze, lakini ioze vile papa aliacha."

"Unajua Hadidja wanamchukua leo?"

Mzee alifumba macho. Hakujua. Ng'ambo ya mto habari huchelewa. Akasimama bila kuambiwa, akanyoosha mikono.

Walifika kwa Papa Hemedi wakati Hadidja ana mguu mmoja garini. Likuta alimnyooshea afisa bastola na mzee kwa pamoja. Timothée alirudia maungamo yake, yote, mbele ya mashahidi, huku Hadidja akimsikiliza. Alipomaliza, Hadidja alishusha mguu, akapita mbele yake bila neno na kuingia ndani. Ndipo kilio chake kikasikika.

"Bastola ni kielelezo," Likuta alimwambia afisa. "Itakaa mahakamani mpaka hukumu."

Afisa alikuwa amekwisha kuichukua. Aliipima mkononi, akavua miwani kwa mara ya kwanza, akaisogeza juani.

"Mahakama inaweza kungoja," alisema. "Kesho ni posho, bakubwa banafika. Kuna fundi huku mjini anapaka kromu?"

Timothée, ambaye hakulia alipofungwa pingu, akaanza kulia.