Miguu ya Baba wa Bibi Harusi

Nilikamua ng'ombe, nikanywa chai, nikaenda kanisani kwa mazoezi ya harusi. Mimi ni Isidori, mkulima wa Tumati. Binti yangu Fabiola alikuwa anafunga ndoa kesho yake. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono na kumwingiza kanisani kwa madaha, huku kwaya ikiimba.

Kumbe hiyo nayo ni kazi. Octavian, mpiga kinanda, alibonyeza kitufe cha ngoma kwenye kinanda chake cha umeme. Kwaya ikaanza. Hatua ya pili tu, mguu ukabaki juu. Sikujua niushushe lini. Nikamkanyaga Fabiola. Tulirudia mara tano. Mara nawahi, mara nachelewa.

"Uzee huo, mzee," alisema Octavian.

Uzee gani? Napanda mlima na gunia la mahindi mgongoni. Lakini niliumia moyoni. Nikamwambia Fabiola, "Baba yako mdogo akuingize. Mimi nitakuaibisha."

"Bila wewe siingii," alisema, akaanza kulia. Nilichanganyikiwa kabisa.

Mwalimu Severina, anayefundisha muziki shuleni, alikuwa ameketi nyuma. Akaja.

"Shikamoo, mzee Isidori."

"Marahaba, mwalimu. Umeona aibu yangu."

"Miguu yako haina kosa. Kwaya, imbeni bila kinanda. Mzee, piga kofi pale wimbo unapokuwa na nguvu, kisha hesabu hadi kofi jingine."

Nikahesabu. "Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu."

"Octavian, weka ngoma peke yake."

"Moja, mbili, tatu, nne." Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Nne tena. "Sielewi, mwalimu. Si wimbo uleule?"

"Wimbo una mapigo matatu. Ngoma aliyoweka ni ya rumba, na rumba ina manne. Rege na bongofleva nyingi nazo ni za manne. Miguu yako ilifuata wimbo, masikio yakafuata ngoma."

"Lakini rumba inachangamsha," Octavian alibisha.

"Basi chagua wimbo wa mapigo manne. Huu unataka mdundo wa walzi, ambao ni wa matatu. Na wewe mzee, kanyaga kwenye moja tu. Mbili na tatu, subiri."

Octavian akatafuta kitufe cha walzi. Tukajaribu. Nikafika mbele bila kumkanyaga mtu.

Kesho yake kanisa lilijaa. Nilimshika Fabiola mkono, nikahesabu kwa sauti ya chini. Moja, nakanyaga. Mbili, tatu, nasubiri. Akina mama walipiga vigelegele. Tulipofika mbele, kwaya ikanyamaza.

"Baba, tumefika," Fabiola alininong'oneza.

Nilijua. Niliendelea kuhesabu tu, maana sikutaka kumwachia mkono.