Wa Titi la Kushoto

Wewe, umemnyonyesha mtoto mpaka kalala, umemlaza kitandani, umefunga vifungo vya blauzi, umekaa; kisha titi la kushoto likaendelea kuvutwa. Utamwambia nani?

Injinia hakumwambia mtu. Jina hilo alipewa na ndugu wa mumewe, nusu heshima nusu kejeli, kwa sababu alichora ramani za nyumba za watu na mwenyewe akaishi ya kupanga. Mtu anayejua uzito wa zege hawezi kuamka akasema ananyonywa na hewa. Kwa hiyo alifungua vifungo, akatazama, akaona chuchu imelowa na kunyooka kama iliyotoka mdomoni sasa hivi, akafunga tena. Uchovu, alijiambia. Uchovu ni kabati; kila usichotaka kukiangalia unakisukumia humo.

Na kuchoka alichoka kweli. Mtoto walimwita Mheshimiwa, kwa vile hakuna aliyethubutu kumkatiza. Akishika titi, amefungua kikao. Kikao cha asubuhi kiligusana na cha mchana, cha mchana kikamezwa na cha jioni, na akiahirisha ni kwa muda wa kupiga chafya tu. Injinia alijifunza kuishi kitini: mto chini ya kiwiko, chupa ya chai upande wa mkono ulio huru, simu imechomekwa kwenye chaji, kitambaa begani, na ile meza yake ya kuchorea pembeni ikimtazama kama mchumba aliyeachwa.

Mumewe, fundi wa friji, alirudi jioni akauliza, “Leo umefanya nini?”

“Nimekaa.”

“Afadhali yako.”

Injinia alimtazama kama mtu anavyopima uzito wa sufuria kabla ya kuirusha.

Aliyemwokoa ni mama mkwe. Wanaosema mama mkwe ni simba hawakumjua huyu. Alikuja na begi moja, akafua nepi, akapika, na kila siku alimpokea mjukuu ili Injinia apate kuoga kama binadamu. Sharti lake lilikuwa moja tu, nalo alilisema siku ya kwanza, alipoona vyombo vya kukamulia maziwa vikichemka jikoni.

“Mwanangu, maji ya moto usiyamwage kwenye tundu la maji machafu hivihivi. Yaache yapoe. Au basi sema, ‘Jamani, pisheni.’ Huko chini kuna wenyewe.”

“Mama, huko chini kuna bomba na kona yake. Nimeyachora mengi.”

“Na wewe uliyeyachora, ulishaingia ukaona?”

Walicheka wote wawili.

Kila mama anajua kwamba mtoto akivuta la kulia, la kushoto nalo hudondosha, kama lenye wivu. La Injinia likaacha kudondosha. Alilikuta laini, tupu, limefika mwisho, kana kwamba mtu alikwisha kupita hapo kabla ya mwenye nyumba. Mheshimiwa alipewa upande huo akavuta mara mbili, akauachia, akalia. Kisha ikaja harufu. Ilikuja mchana, madirisha wazi, jua limejaa sebuleni: harufu ya bafu lililofungiwa, sabuni iliyochacha, na chini yake, nyembamba kama uzi, harufu ya nywele zilizobabuka. Ilikuja pamoja na sauti ya kumeza. Mheshimiwa yuko chumbani amelala, lakini pale kifuani mtu anameza, anapumzika, anameza.

Kliniki, mizani ilipanda kidogo kisha ikakataa. Safari iliyofuata ikashuka. Muuguzi alimwomba anyonyeshe mbele yake, akainama kuchungulia.

“Ameshika vizuri. Mkao wako mzuri. Anashinda na njaa?”

“Anashinda kifuani.”

“Sasa maziwa yanakwenda wapi, mama?”

Lilikuwa swali la kazi tu, huenda alishawauliza kumi asubuhi ile. Injinia alilipokea kama mshtakiwa.

Siku ile mama mkwe alikuwa amemaliza kupiga deki, sakafu imekauka inang'aa. Alitoka jikoni akijifuta mikono, akasimama. Kutoka mlango wa bafu hadi kwenye kiti cha Injinia palikuwa na alama za maji. Hazikuwa nyayo. Zilikuwa viganja, na nyuma ya viganja magoti, vidogo mno, vya kitu ambacho hakijajifunza kusimama.

“Injinia.” Alisema polepole, kama anayemwamsha mtu aliyelala ukingoni mwa paa.

“Naam, Mama.”

“Mtoto yuko wapi?”

“Kitandani. Amelala.”

“Sasa umepakata nini?”

Injinia alijitazama. Mikono yake ilikuwa imezunguka, mmoja chini, mmoja juu, kiwiko kimeinuliwa kubeba kichwa. Mapajani hapakuwa na kitu. Gauni lilikuwa limelowa.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale alipokuwa, akanong'ona: “Nani amemwaga maji ya moto?”

“Si mimi.”

Lilitoka haraka kuliko pumzi. Na papo hapo akaiona sufuria mkononi mwake, adhuhuri moja kabla ya haya yote kuanza, sinki la jikoni limejaa vyombo, yeye akaenda bafuni akainamisha maji yanayotokota kwenye tundu la sakafuni, mvuke ukampiga usoni. Aliiona kumbukumbu hiyo mpaka katikati. Nusu iliyobaki aliipita haraka, jinsi mtu anavyopita mlango wa chumba chenye maiti.

“Basi,” mama mkwe alisema, akijihesabia vidole bila sababu, “basi ni mimi. Nilichemsha maji ya kumwogeshea huyu mtoto. Nilidhani niliyapoza. Kichwa changu siku hizi chujio, mwanangu, kila kitu kinapita.”

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, hata kizingiti hakikuwapo. Injinia alifungua mdomo, akamwona mama huyo ameketi kwenye sakafu aliyoipiga deki yeye mwenyewe, akaufunga. Atasema kesho. Kwani kulikuwa na uhakika gani? Mtu mwenye shahada anaungama nini, kwamba ameunguza bomba?

Mume alipoambiwa alimgeukia mama yake. “Mama! Wewe unayetufundisha? Wewe?”

“Ni uzee, baba. Nisamehe.”

Injinia alikuwa akinyonyesha. Aliangalia chini.

Mganga aliyeitwa alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke mnene aliyefika na pini zikiwa bado zimechomekwa kwenye kola. Hakuwasha kitu, hakufukiza kitu. Alilala kifudifudi bafuni, sikio kwenye tundu, kwa muda mrefu hata mume akakohoa. Alipoinuka shavu lake lilikuwa limechorwa mistari ya vigae.

“Kuna mama kafia humo,” alisema. “Kaungua. Kaacha kichanga.”

“Basi mfukuze huyo kichanga,” mume alisema.

“Nimfukuze yatima? Amefuata maziwa. Ulitaka afuate nini, soda?” Alijipangusa magoti. “Ndugu zake wako tayari kumchukua, wamejaa hapo chini, wanangoja. Wanataka neno moja. Aliyemwaga aseme alichofanya, kwa mdomo wake. Aseme chote. Asipunguze.”

Mama mkwe akapiga magoti kabla hajaambiwa. Aliinama mpaka kilemba kikagusa sakafu. “Ni mimi, jamani. Mama yenu mzee, nimesahau. Sikukusudia. Nisameheni, mjukuu wangu hana kosa.” Sauti ilikatika, akaanza tena, akajilaumu kwa mambo ambayo hakuna aliyemuuliza, kwamba ni mzembe, kwamba alikuja kusaidia akaleta balaa. Injinia alisimama mlangoni, mwanawe begani, akamsikiliza mwanamke mwema akiomba radhi ya dhambi isiyo yake. Alihisi uso ukiwaka, kisha titi la kushoto likaanza kuvutwa taratibu, hapo hapo mbele ya watu, na hakuthubutu kuweka mkono.

Tundu lilikaa kimya.

“Wamesikia?” mume aliuliza.

Mshonaji alikuwa akimwangalia Injinia, au labda mtoto begani. “Wamenyamaza. Tungoje.”

Walingoja, wakaona. Mheshimiwa aliacha kulia kwa hasira akaanza kulia kwa adabu, kilio kifupi cha kuomba, na mtoto akianza kulia kwa adabu ujue hali ni mbaya. Muuguzi alisema akishuka tena alazwe. Maziwa ya kopo aliyatapika yote. Mapaja yakalegea, ngozi ikakunjamana kama soksi kubwa. Mama mkwe aliyatazama mapaja hayo, akaingia chumbani, akatoka na begi lake.

“Mkosi ni mimi,” alimwambia mwanawe. “Hawa watu wamenikataa. Nikiondoka, huenda kitanifuata, nami sina cha kukinyonyesha, kitachoka.”

“Nitakusindikiza,” mume alisema. Hakumzuia. Alichukua begi.

Injinia alikuwa kitini. Alimweka Mheshimiwa upande wa kulia, upande ambao mpaka hapo ulikuwa wake peke yake, na mtoto akageuza uso, akafungua mdomo, akaenda kushika, akagonga kitu kilichokuwa pale kabla yake, kitu kisichoonekana lakini chenye shavu, chenye ubaridi wa vigae vilivyolowa, ambacho kilikuwa kimeshika la kushoto tangu asubuhi na sasa kimeshika na la kulia, au pengine waliokuwa wakivuta sasa walikuwa wawili, hakujua, alijua tu kwamba pande zote mbili zinakwenda, kwamba maziwa yanamtoka mpaka mgongo unauma, na mwanawe yuko katikati akitafuta kwa mdomo kama kifaranga, kulia, kushoto, kulia, akipata hewa, huku ile harufu ya nywele zilizobabuka ikipanda mpaka macho yakamtoka machozi, na kule bafuni tundu limeanza kupumua, na ndani ya pumzi zile sauti za wanawake wengi, wa chini kwa chini, kama waliokaa msibani wakisubiri mtu fulani afike ndipo waanze.

Kisha kiganja kikampapasa. Kidogo, chenye ngozi iliyovimba na kuchunika, kikamgusa juu ya titi na kulipigapiga taratibu, kama wafanyavyo wote wakishiba kidogo na kumpenda anayewashibisha. Hakikuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililomvunja.

Kilio cha Mheshimiwa kilipungua kama bomba linalofungwa. Kikawa uzi. Kikakatika.

“Mama,” Injinia alisema. “Rudisha begi.”

Mama mkwe alikuwa ameshika kitasa. “Mwanangu, niache niende, tusichelewe.”

“Rudisha begi, Mama. Si wewe.”

Mume aligeuka. “Una maana gani, si yeye?”

“Ni mimi. Niliyamwaga mimi.” Sauti yake ilikuwa ndogo, na kule bafuni minong'ono ilikoma ghafla, yote kwa pamoja. “Nilijua tangu siku ile. Nikakuacha upige magoti.”

“Ulisahau tu,” mama mkwe alisema, na kwa wema wake wote akamtafutia njia ya kutokea. “Ulikuwa umechoka. Hukujua.”

“Sikujua, mara ya kwanza.” Kwenye mapaja yake Mheshimiwa alikuwa ametulia mno, midomo imepauka. Alimshika mguu, ulikuwa wa baridi. “Nilimwaga kidogo. Nikasikia.”

“Ulisikia nini?” Mumewe alikuwa ameliweka begi chini.

“Alikuwa ameshinda kifuani mwangu tangu alfajiri huyu, ndiyo kwanza nimempakua, na nilikuwa sitaki kusikia kiumbe mwingine yeyote akinitaka kitu. Ninyi mnasema ninakaa. Sitafuti kisingizio. Nasema jinsi ilivyokuwa.” Alivuta pumzi, na ile midomo ya baridi, kulia na kushoto, ikaacha kuvuta, kama nayo inasikiliza. “Ilitoka sauti tunduni, Mama. Ya mwanamke. Haikuwa ya kutisha, ilikuwa imechoka kama yangu. Ikaniambia, ‘Ngoja dada, nanyonyesha.’ Nikaielewa vizuri kabisa. Nikamwaga yaliyobaki.”