Mfuko Uliotoweka Kifuani

Fundi alishona nguo za wanafunzi. Vitambaa alivijua kwa ncha za vidole. Ndiyo maana alasiri ile, alipojipapasa kifuani, cherehani ilinyamaza ghafla.

Miezi miwili nyuma alikuwa akizimia mara kwa mara. Moyo wake ulipiga polepole mno. Daktari akamwekea kimashine cha kuusaidia, chini ya ngozi, karibu na bega, waya wake ukiingia hadi moyoni. Kabla ya upasuaji alimwonyesha mfuko mdogo wa wavu.

"Kimashine kitakaa humu," alisema.

Kidonda kilipona. Kila alipojigusa, fundi alihisi ukingo wa wavu ule. Ukawa unalainika wiki hadi wiki. Sasa haupo. Ngozi haijachanika. Hakuna kilichotoka.

"Mfuko wangu umekwenda wapi?" alimnong'oneza mumewe.

Mume alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo aligeuka tu kumtazama shangazi yake. Shangazi huyo, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, akaweka kisu chini.

"Mwanangu, kinachokula kimyakimya hakishibi. Kimemaliza mfuko. Kitafuata nini?"

Tangu hapo fundi alihisi kitu kikimtafuna. Nyumba ikitulia, alisikia moyo wake, du, du, kama hatua za mtu asiyeonekana. Akaanza kuusaka mfuko wake. Alikibana kimashine kwa vidole viwili, akakigeuza chini ya ngozi, huenda mfuko umejificha nyuma. Siku ya tatu, kizunguzungu kikarudi.

Mume akatoka mbio kwa jirani, muuguzi wa kliniki ya moyo. Alikuja mikono ikiwa bado na povu la sabuni.

"Toa mkono hapo, dada! Ukikizungusha, waya utachomoka moyoni!"

"Kuna kitu ndani yangu. Kimekula mfuko."

"Kweli umeliwa," muuguzi akasema. Shangazi akashika mdomo. "Umeliwa na mwili wako. Ndivyo mfuko ulivyotengenezwa."

Akaketi kitandani.

"Unajua protini? Ile ya mayai na maharage? Imejengwa kwa vitu vidogo sana, kama matofali. Vinaitwa asidi amino. Hata nyama yako imejengwa hivyo. Wataalamu walichukua tofali moja la aina hiyo, wakatengeneza uzi wa wavu. Wavu ukatiwa dawa ya kuua vijidudu. Ulikishika kimashine mpaka nyama ikakizunguka. Kisha ukayeyuka polepole. Baada ya wiki tisa hivi, haupo."

"Mbona sikuambiwa?"

"Pengine uliambiwa, hofu ikaziba masikio. Ukiwa na shaka, uliza tena. Ukiona uvimbe, wekundu, usaha au homa, au ukizimia, njoo mara moja. Usijitibu kwa vidole."

Wakaenda kliniki saa ileile. Picha ilionyesha kimashine kimegeuka, waya umeanza kuvutika. Daktari akaurudisha mahali pake.

"Ungechelewa siku mbili, tungezungumza mengine," alisema.

Fundi alitii. Hakukigusa tena. Shule zilipofunguliwa, alikuwa ameshona sare mia moja na arobaini bila kuzimia hata mara moja.

Siku moja mteja mgeni alikuja dukani, kovu jipya likionekana karibu na bega. Alikuwa akijipapasa, macho yamemtoka.

"Fundi," alinong'ona, "kuna kitu kinapungua humu ndani."

Fundi akaushika mkono wake taratibu, akauondoa kifuani.

"Kaa," alisema. "Nikuambie kinakwenda wapi, kisha twende wote kliniki."