Hesabu ya Bidoni za Saio

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa mabati ya mtaa wa Saio, Bibiane alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani na anashuka kwenye robine, mfereji wa maji wa avenyu yao, na bidoni mbili, madumu ya njano, mkononi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisoma darasa la sita, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yake yote ilikuwa ya maji. Na mwaka huo maji yalikuwa kazi kwelikweli! Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa kumi na moja, na sasa ni mwezi wa tatu, watu wanatazama mbingu bure.

Ofisi ya maji ilifungua robine saa kumi na mbili asubuhi na kuifunga saa nne. Basi watu wa avenyu walikuwa na ujanja wao. Jioni kila mama alipeleka bidoni iliyotoboka, akaiweka kwenye mstari imshikie nafasi. Bidoni hizo ziliitwa wazee, kwa sababu hazikuwa na kazi nyingine ila kukaa. Asubuhi mwenyewe alikuja na bidoni nzima, akamsukuma mzee wake pembeni, akasimama mahali pake. Mama Marcelline, jirani wa kina Bibiane, alikuwa na wazee wanne, na ole wako uguse hata mmoja.

Aliyeumia ni Grâce, rafiki wa Bibiane darasani. Familia yake ilikimbia vita kule Djugu, na sasa iliishi kwenye kambi ng'ambo ya bonde. Nani angemruhusu mtoto wa kambini aweke mzee wake pale? Alisimama mkiani mwa mstari kila siku. Saa nne robine ilikohoa, ikakauka, naye akashuka mtoni kuchota maji machafu. Mdogo wake Aaron alikuwa ameyanywa, akaharisha mpaka akalazwa hospitalini. Jambo hilo lilimchoma Bibiane sana.

Siku moja enjenia Olivier wa ofisi ya maji alikuja na pikipiki yake, akawaita watu.

"Serikali imetoa pesa kwa ajili ya ukame," alisema. "Kwa avenyu hii inatosha kazi moja tu mpaka mvua irudi. Kabla hatujaitumia, nataka kujua ni bidoni ngapi zinajaa hapa kila siku. Nimesema zinazojaa! Nani ana mwandiko mzuri?"

Watu wote walimsukuma Bibiane mbele. Akapewa daftari na kalamu, na wiki moja ya kazi.

Siku ya kwanza alikaa juu ya jiwe, akaanza kuhesabu. Mama Marcelline akamcheka.

"Weye mutoto, utakaa hapa mpaka saa ine? Hesabu mustari yote mara moja, na wazee ndani, uende kunywa chai yako. Serikali inasaidia wenye wako wengi. Ukiandika kidogo, watasema siye hatuna shida!"

Bibiane alimtazama Grâce kule mkiani. Akawaza kwamba hesabu kubwa italeta maji mengi, na maji mengi yatamfikia Grâce. Tena jua lilikuwa kali, na chai ilikuwa tamu. Akahesabu kila kitu kilichosimama kwenye mstari, hata wazee, akaandika mia tatu na kumi na mbili. Wiki nzima alifanya hivyo hivyo.

Jumamosi enjenia Olivier alirudi. Alisoma daftari mbele ya watu wote, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Kumbe! Kutoka tangi kubwa kule juu tunawaachia maji ya bidoni mia tatu hivi kila asubuhi. Niliogopa kwamba bomba limepasuka njiani, lakini hesabu hii inaonyesha maji yote yanafika. Basi bomba ni zima, na shida ni wingi wa watu. Ile pesa tutawajengea robine mbili zaidi."

Watu walipiga makofi. Bibiane peke yake hakupiga. Mia tatu? Yeye hakuwahi kuona hata bidoni mia mbili zikijaa pale. Kama maji yanapotea njiani, robine mbili mpya zitagawana kikohozi kile kile, na pesa itakuwa imekwisha. Grâce atabaki mkiani mpaka mvua, na Aaron ataendelea kunywa maji ya mto.

Akanyoosha mkono. Mama Marcelline akamfinya. Bibiane hakuushusha.

"Enjenia, hesabu yangu ni ya uongo. Sikuhesabu zinazojaa. Nilihesabu mstari wote, pamoja na wazee."

Wengine waliangua kicheko. Mama yake Bibiane, Mama Priscille, aliinamisha uso kwa aibu. Enjenia hakucheka hata kidogo.

"Wiki nzima!" alifoka. "Jumatatu ningesaini, pesa ya watu ingeingia shimoni, kisha mngesema serikali imekula!"

"Nipe siku tatu," Bibiane alisema. Alimtazama usoni. "Nitahesabu moja moja."

"Siku tatu. Bidoni ikijaa, chora mstari. Isipojaa, usichore."

Jumatatu saa kumi na mbili kamili Bibiane alikuwa juu ya jiwe lake. Maneno aliyoyasikia asubuhi ile, acha tu! "Huyu anatuuza!" mmoja alisema. Mama Marcelline alileta mzee wake mmoja, akampachika mbele yake kabisa.

"Andika na hii!"

"Ndiyo, Mama," Bibiane alijibu kwa adabu. "Muijaze tu, nitaandika."

Mstari mzima ulicheka, maana mzee yule alikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Hata Mama Marcelline alijikaza asicheke, akashindwa.

Jua lilipopanda, Mama Priscille alishuka na kikombe cha chai na kipande cha muhogo. "Kunywa hapa hapa," alisema, "usitoke." Bibiane alikunywa huku anachora.

Siku ya kwanza zilijaa bidoni mia moja sabini na moja. Siku ya pili, mia moja sitini na nane. Siku ya tatu, mia moja sabini na nne.

Enjenia Olivier alipoona hesabu zile alipiga mluzi. "Zaidi ya bidoni mia moja zinapotea njiani kila siku! Twende tufuate bomba."

Bibiane na Grâce walimfuata mpaka bondeni, kwa wafyatuaji wa matofali. Nchi yote ilikuwa ya kahawia, lakini pale majani yalikuwa ya kijani kibichi. Baba Assani, mkubwa wa wafyatuaji, alikuwa anakanyaga udongo na miguu imelowa mpaka magotini.

"Baba Assani, haya maji munatoa wapi?" enjenia aliuliza.

"Ah, Mungu ametupatia chemchemi! Tangu mwezi wa kwanza iko inatoka, haikauke!"

Enjenia alichimba kidogo. Chini ya ile chemchemi kulikuwa na bomba la serikali, limepasuka kwenye kiungo. Bibiane alishika kichwa. Alipita pale kila siku akienda shule!

Kazi ya kuziba ilichukua siku mbili. Ilitumia pesa kidogo sana, na iliyobaki ikatosha kuvuta bomba mpaka kambini. Kabla ya kuanza kazi hiyo ya pili, enjenia aliwaita watu tena kwenye robine.

"Serikali haina macho hapa Saio," aliwaambia. "Macho yake ni daftari lenu. Mkiandika uongo, mnaipofusha wenyewe, na pesa yenu itakwenda mahali pasipo na shida. Huyu mtoto alikosea, kisha akasimama mbele yetu sote akasahihisha. Leo mnakunywa ukweli wake. Andikeni kinachoonekana, hata kikiwa kidogo, na hata kama jirani anawafinya."

Mama Marcelline alikohoa, akatazama pembeni. Halafu akabeba wazee wake wote wanne, akawatupa nyuma ya ukuta.

Siku hiyo Bibiane alihesabu tena. Saa nne kasoro dakika tano, Grâce alifika mbele akaweka bidoni yake. Maji yalitoka kwa nguvu, yakapanda mpaka shingoni, yakamwagika juu ya vidole vyake. Grâce alifunga kifuniko, akamgeukia rafiki yake huku anacheka na machozi yanamtoka.

"Chora!" alisema. Bibiane akachora.