Boti ya Kahiga Inaenda kwa Nani?

Kahiga na mkewe Wachuka wanaishi Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Kahiga ni mvuvi. Kila alasiri Wachuka humngoja ufukweni, chini ya mgunga mkubwa, apokee samaki akauze.

Lakini kwa siku kadhaa Kahiga hakufika hapo. Boti yake iliishia kule chini kwenye mafunjo, karibu na kibanda cha Eucabeth, mjane anayeuza samaki.

"Ni upepo, Mama Natalie," Kahiga alimwambia mkewe.

"Upepo gani huo unaojua kwa Eucabeth?"

Wachuka alianza kupekua mifuko ya koti la mumewe. Kahiga akicheka peke yake, Wachuka alimuuliza anacheka nini. Mwishowe alivaa jaketi la kuokolea maisha, akaingia botini.

"Leo tunaenda wote."

Wakati wa kurudi, upepo ulivuma kutoka kushoto. Kahiga alielekeza pua ya boti kwenye mgunga, akaishika hivyo hivyo. Wachuka aliuangalia mkono wake kwenye injini. Haukupinda hata kidogo. Lakini boti ilizidi kwenda kulia, kwenye mafunjo.

Ghafla kiboko akaibuka mbele yao. Wachuka akapiga mayowe.

"Geuza! Pita mbali naye!" Eucabeth aliita kutoka ufukweni.

Kahiga aligeuza. Walifika mchangani, karibu na kibanda cha Eucabeth.

"Kwa nini anakuja kwako kila siku?" Wachuka alimuuliza Eucabeth.

"Kwangu? Mimi nilidhani mnakuja kuniibia wateja! Nilikuwa naenda kuwashtaki."

Kisha Eucabeth, binti wa mvuvi wa Homa Bay, akamgeukia Kahiga.

"Upepo na mkondo wa maji vinakusukuma kulia. Usielekeze pua kwenye mti. Elekeza kushoto kidogo, upepo unakotoka."

"Kidogo kiasi gani?"

"Unauona mnara wa simu nyuma ya mti? Mti ukiufunika mnara, uko sawa. Mnara ukitokea kulia, umesukumwa kulia. Ongeza kushoto. Ukitokea kushoto, umezidisha. Punguza."

Kesho yake Wachuka aliingia tena botini. Bado alikuwa na shaka.

"Mnara umetokea kulia!" alisema.

Kahiga aliongeza kushoto. Mti ukaufunika mnara. Pua ya boti ilitazama kwingine kabisa, lakini boti ilifika chini ya mgunga.

"Umeniamini sasa?" Kahiga aliuliza.

"Nimeuamini upepo. Wewe ngoja kwanza."

Wachuka alichagua samaki mnono kuliko wote, akatembea hadi kwa Eucabeth kumwomba msamaha.